Mashoka Tisa ya Sikonge

Mwezi uliopita, siku ya hitima ya kaka yangu Idi, alisimama kijana mmoja wa ukoo, hodari sana wa kushika kipaza sauti, akawaeleza wageni jinsi mimi, "Bi Zena huyu mnayemwona pale", nilivyorithi chapa ya baba yetu. Alisema kwamba siku ya arobaini ya marehemu Fundi Shomari lililetwa shoka lililovunjika, nikaulizwa mbele za watu ni kazi ya nani, na pale pale, msichana wa miaka kumi na tisa, nikasema kweli. Watu wakageuka kunitazama. Mwanamke aliyekaa nyuma yangu akanipapasa bega. Nilikuwa na sahani ya pilau magotini nikaiweka chini, maana kati ya wote waliokuwapo siku ile ya arobaini Idi peke yake ndiye aliyekuwa amebaki nami, na Idi tulikuwa tumeshamfukia. Nilitamani nimnyang'anye kijana yule kipaza sauti chake. Sikufanya hivyo, watu wangesema uchungu umempanda kichwani. Lakini nimezeeka vya kutosha, sina haja tena ya kusifiwa kwa kitu ambacho sikukifanya. Sikusema pale pale. Nilisema baada ya miezi mitano, na miezi yote hiyo kulikuwa na watu wanane kule Sikonge walioshika mashoka yanayoweza kuwapofua, na mimi nilijua.

Chapa yenyewe si kitu cha kutazama mara mbili. Ni kipande cha chuma, urefu wa kidole cha kati, kichwa kimepondeka kwa kugongwa miaka na miaka, na mdomoni kimechongwa mguu wa kuku, vidole vitatu. Kila jembe, kila shoka, kila kisu kilichotoka kwenye banda letu pale Mtendeni, Tabora, kilipigwa mguu wa kuku kikiwa bado chekundu. Mwenye kuiona alama hiyo alijua mambo mawili: kwamba kitu kimefuliwa kwetu, na kwamba kikivunjika atakirudisha kwetu kifuliwe upya, hata kama aliyekifua ameshakufa. Ndiyo maana kwetu chapa hairithiwi kimyakimya. Siku ya arobaini, hitima ikishasomwa na watu wakishakula, hutandikwa mkeka uani, na kila mwenye kitu cha marehemu kilichovunjika hukileta akakilaza pale. Mrithi huvitazama vyote kwanza ndipo achukue chapa, asije akasema baadaye kwamba hakujua anabeba nini. Masheikh wa mjini hawakuupenda mkeka huo, walisema ni mambo ya Kinyamwezi tu, lakini hata mmoja sikumwona akiondoka kabla haujakunjwa.

Baba aliugua kifua mvua za kwanza zilipoanza, na mama akakihamishia kitanda chake kwenye chumba kilichopakana na banda, kwa kuwa mle ndani kulikuwa na joto. Pia, nadhani, ili asikie nyundo. Idi alikuwa ameshaondoka kwenda Mwanza baada ya kukosana na baba, kwa mambo ambayo hayana nafasi hapa. Nilibaki mimi, niliyeanza kwa kuvuta mivukuto ya kupulizia moto na kufikia kushika nyundo, na Maganga, mtu mzima aliyempigia baba nyundo kubwa kwa muda mrefu. Hapo ndipo akaja Mzee Petro wa Sikonge, mrina asali, Mkristo wa Moraviani, mwembamba mwenye sauti ya chini, akaagiza mashoka tisa, lake na ya wenzake, ya kuchongea mizinga. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kuachiwa. Baba aliitoa chapa chini ya mto wake akanipa, na nakumbuka ilikuwa ya moto kwa homa yake.

Shida ilikuwa mlango. Baba siku zote alifanya kazi amefunga mlango na dirisha, akabaki na mwanga wa makaa peke yake. Mama akasema sasa mlango ubaki wazi. Siku ya pili ya kazi ile nilikuwa nimekaa barazani nakula ugali wa mtama na kisamvu, nikawasikia ndani wanabishana kwa sauti za chini. Mama alikuwa anauliza itakuwaje binti wa miaka kumi na tisa, ambaye posa yake inaweza kuja wakati wowote, ajifungie gizani na mwanaume asiye ndugu yake. Akaendelea kwamba baba hatoki nje; yeye mama ndiye anayetoka, na ndiye atakayeyasikia hayo maneno sokoni. Baba alikohoa sana kabla ya kujibu. "Chuma hakionekani juani, mama Idi," alisema. Mama akamjibu kwamba heshima ya mtoto haifuliwi upya. Baada ya hapo sikusikia tena kitu. Nikamaliza ugali, nikanawa, nikarudi bandani, mlango wazi.

Nieleze hapa, maana ndipo kosa lote lilipo. Chuma cha springi za lori, ambacho ndicho tulichofulia mashoka, kina wekundu wake wa haki, wekundu wa nyanya inayoanza kuiva. Kinapofika hapo unakitoa, unakichovya kwenye maji kiwe kigumu. Gizani wekundu huo unauona vizuri. Kwenye mwanga wa mchana huuoni, unakiona chuma bado cheusi, unaongeza mvukuto, unaongeza tena, na ukija kuuona ule wekundu wa nyanya ujue kimeshapitiliza zamani, kimeungua ndani. Kwa nje hakina kasoro. Kinanoleka, kinang'aa, kinapendeza kuliko hata kile kizuri. Kasoro huonekana siku kinapovunjika: chuma kilichopata moto wa haki, pale kilipokatika, huwa kijivu na laini, jivu tupu; kile kilichoungua huwa na chembe zinazometameta kama chumvi ya Uvinza, ile ya mawe. Haya yote baba alikuwa ameshanifundisha. Na maneno yake ya mchana ule niliyasikia. Nilijiambia tu kwamba macho yangu ni mapya kuliko yake, nitajua. Kila shoka nililomaliza nilimpelekea kitandani, akalipima kwenye kiganja, akapitisha kidole gumba kwenye makali, akasema zuri. Mzee Petro alipokuja kuyachukua alitusifu wote wawili. Majuma matatu baadaye baba alifariki.

Idi alikuja kwa treni akakuta tumeshazika. Akakaa mpaka arobaini, na siku zote hizo hakukaa bure: alizibua mivukuto, akapanga makoleo, akapiga nyundo mbili tatu kwenye fuawe kama mtu anayejaribu kiti chake. Alikuwa fundi mzuri kuliko mimi, sikatai. Baba mdogo Hamisi, ambaye ndiye alikuwa msemaji wa familia, alitaka Idi achukue chapa, kwa sababu ni mwanamume na ni mkubwa. Lakini baba alikuwa amemwambia sheikh mbele ya mashahidi kwamba anataka ije kwangu. Wazee wakagawanyika, wakaamua kwamba watasema neno la mwisho mkekani. Mimi niliitaka chapa ile kuliko nilivyowahi kutaka mume. Nisipoipata nilijua kinachonisubiri: jiko la mama, kisha jiko la mtu mwingine.

Siku yenyewe vilikuja vitu vya kawaida, jembe lililopasuka, visu viwili, mundu, na watu walikuwa wanataniana. Kisha akaingia Mzee Petro. Alikuwa amefunga kitambaa jicho la kulia, na watu wakanyamaza mmoja baada ya mwingine kadiri walivyomwona. Akawaamkia wazee, akapiga goti, akalaza mkekani vipande viwili vya shoka, mguu wa kuku unaonekana wazi kwenye kile kikubwa. Alieleza kwa ufupi. Alikuwa anachonga mzinga, akapiga pigo la kawaida tu, kipande kikaruka kikamwingia jichoni. Baba mdogo Hamisi alianza haraka kusema kwamba marehemu alikuwa mgonjwa, mkono umechoka, macho yamechoka, Mungu amrehemu, tusimhukumu. Mzee Petro alimsubiri amalize. "Sikuja kudai kitu," akasema. "Shomari amenifulia tangu nikiwa kijana. Nataka kujua tu kama huu ni mkono wake."

Idi ndiye aliyeokota kile kipande. Alikigeuza upande wa jua, akapatazama pale kilipokatika, na niliona uso wake unabadilika. Akainua macho akanitazama mimi, kisha akautazama mlango wa banda, ambao hata siku ile ulikuwa wazi. Alijua. Fundi yeyote wa nyumba yetu angejua. Nilidhani sasa atasema, na nikashika ukingo wa khanga yangu nikingoja. Hakusema. Alinyoosha mkono akanipa kile kipande. "Wewe ndiye uliyekuwa naye," akaniambia. "Sema." Nikatazama. Ilikuwa chumvi tupu, chembe kubwa kubwa zinametameta. Mama alikuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni na sinia la vikombe, hasogei mbele wala harudi nyuma. Sidhani kama nilifikiri chochote. Mdomo wangu ulifunguka wenyewe ukasema, "Ni mkono wa baba. Alikuwa anaumwa sana."

Mzee Petro akaitikia kwa kichwa taratibu, akashukuru. Mama akaingiza vikombe jikoni na hakutoka tena. Na Idi, ambaye kwa neno moja angeweza kuichukua chapa mkononi mwangu, aliwaambia wazee, "Mpeni yeye," akatoka uani. Kesho yake alipanda treni ya Mwanza bila kuniaga. Kwa miaka mingi nilidhani alinihurumia. Tulipokuwa watu wazima nilimwuliza, akanijibu kwamba huruma haikuwamo hata kidogo: angesema, asingejua kama amesema kwa ajili ya ile kweli au kwa ajili ya chapa, na hakutaka kuishi na swali hilo. Nikikumbuka jibu hilo leo naona jinsi alivyokuwa amenizidi.

Basi nikawa fundi. Watu hunisifia mwaka ule kama mwaka wa ushujaa, msichana anaendesha banda peke yake; mimi naukumbuka kwa kugutuka. Mtu akipiga hodi nilitazama jicho lake kwanza. Nikisikia baiskeli imesimama nje, nilisimamisha nyundo hewani. Mashoka yalikuwa tisa, moja ndilo lililovunjika, na yale manane niliyatia moto ule ule, kwenye mlango ule ule. Kila asubuhi niliamka nikijiambia leo naenda Sikonge, na kila asubuhi nilipata sababu. Nilijiambia pengine moja tu ndilo liliungua. Nilijiambia yangekuwa mabovu yangeshavunjika. Mama naye alikuwa hasemi. Tulikula pamoja kwenye sahani moja, tunazungumza habari za chumvi na mafuta ya taa, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Na kazi nilizofanya miezi ile, nilizichovya zikiwa bado baridi kuliko inavyotakiwa, kwa hofu, kwa hiyo majembe yangu yalipinda na watu wakaanza kunung'unika.

Mwezi wa tano tangu arobaini akaja mwenzake Mzee Petro, jina lake Yakobo, na shoka moja katika yale manane, anataka linolewe. Lilikuwa zima kabisa. Nilimpa kiti na maji, na kwa kuwa nilitaka kusema kitu, nikamwuliza kama bado analitumia kwenye mizinga. Akacheka. Alisema tangu mkasa wa Petro yeye analiogopa kidogo, amemwachia mke wake, ndilo anapasulia kuni. "Hata kichanga akiwa mgongoni, anapasua tu. Linakata vizuri," alisema. Nikamwambia shoka linahitaji siku kadhaa, nitalileta mwenyewe, na awaambie wenzake wasiyatumie kwanza yale mengine, nitakuja kuyatia makali upya yote. Alipoondoka nililiweka kwenye fuawe nikaligonga ubavuni kwa nyundo, si kwa nguvu. Likakatika. Sikuwa na haja ya kulisogeza kwenye mwanga.

Mama alikuja kusimama nyuma yangu, akavitazama vile vipande muda mrefu. Alirudi ndani, akatoka na kigoda chake cha jikoni na ushungi wake wa zamani, akaingia bandani, akaufunga mlango, akafunga na dirisha, akakaa pembeni ya mivukuto. Maganga aliduwaa. Siku sita mama alikaa mle ndani, jasho linamtiririka, moshi unamtoa machozi, anasuka ukili wa mkeka gizani bila kuona anachofanya, na sisi tukafua mashoka tisa mapya kwa wekundu wa nyanya. Jinsi ilivyokuwa rahisi, jamani. Kigoda tu. Hakuna aliyekifikiria mwanzoni. Siku ya mwisho alinisaidia kuyafunga kwenye gunia, akasema, "Usiseme ni wewe peke yako. Sema na mama alikuwepo." Hilo ndilo neno pekee tulilowahi kuambiana juu ya jambo lile mpaka anakufa.

Lakini nieleze nilichokuwa nacho moyoni ndani ya lori la Sikonge, maana kijana wa kipaza sauti hawezi kukijua. Sikuwa naenda kuungama. Nilikuwa nimeshapanga: nitawapa mapya, nitachukua mabovu, nitasema ni heshima kwa marehemu baba, mtoto anasafisha jina la mzazi. Watu watakuwa salama na mimi nitabaki na chapa yangu. Na ilikwenda hivyo hivyo. Walikusanyika uani kwa Mzee Petro, wakayapima yale mapya mikononi, wakayageuza, wakafurahi, mmoja akasema Shomari ameacha mtoto. Yale mabovu saba, yote mazima, yakaingia kwenye gunia langu. Nilihesabu mara mbili nikalifunga. Nilikuwa nimeshasalimika. Mke wa Mzee Petro akaleta michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga, na bakuli la asali, tukakaa kula, na mzee akavua kofia kuombea chakula.

Akashukuru kwa mvua, kwa nyuki, kwa mgeni. Kisha akanyamaza, na watu wote wakabaki wameinamisha vichwa, nikaona wamezoea, ni kitu anachosema kila siku. "Na leo tena, Baba, nisaidie nimsamehe Shomari," akasema. "Jana nilishindwa." Waliitikia amina. Mikono ikaelekea kwenye bakuli. Mimi sikuweza kuunyoosha wa kwangu. Nilisema, nikitazama mkeka, kwamba lile shoka nililifua mimi. Nikaeleza mlango, nikaeleza jua, nikasema mama alikuwepo, na kwamba siku ya arobaini nilijua na nikamsingizia maiti ili nipewe chapa. Nikafungua gunia, nikachukua moja nikaligonga kwenye jiwe la kusagia, nikawaonyesha. Mke wa Yakobo, ambaye alikuwa amekaa karibu yangu na mtoto wake, alisogea mbali nami.

Mzee Petro aliwafukuza nzi kwenye bakuli la asali. "Jicho ni langu, sikuja kwenu kulidai," alisema mwishowe. "Lakini miezi mitano, binti Shomari, kila nikipiga magoti namsamehe baba yako. Siku nyingine nashindwa, nainuka nikimchukia mtu aliyelala kaburini. Kumbe hakunikosea. Hayo nani atanirudishia?" Akavaa kofia yake. "Nipeleke alipolala," akasema.

Alikuja Tabora Ijumaa iliyofuata. Nilikuwa nimemwandikia Idi barua, naye akafika kwa treni ya asubuhi, na kabla hajakaa nilimwekea chapa mkononi mbele ya baba mdogo Hamisi. Akaipokea bila kusema nakupa pole wala umefanya vema. Alikaa nayo miaka mitatu, na mimi nikafanya kazi chini yake, vitu vyangu havikupigwa alama yoyote, mpaka siku aliyoamua mwenyewe kwamba inatosha. Tulikwenda makaburini watatu. Mzee Petro alivua kofia akainama, akaongea na baba Kinyamwezi, taratibu, jinsi watu wanavyoongea wanapokutana njiani, akamwomba radhi kwa kila siku aliyomchukia. Ilichukua muda. Kisha akageuza kichwa chote kunitafuta, maana nilisimama upande wa jicho lililokufa, akaniambia sasa ni zamu yangu. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi njiani. Yalitoka mawili tu. "Baba, nilisikia," nikasema, nikimaanisha yale aliyoyasema juu ya chuma na jua, na Idi akanishika mkono.

Nyumbani mama alikuwa amepika wali na kuku. Hakutoka jikoni kwanza, alimsalimu mgeni kupitia mlangoni, ndipo baadaye akaja kukaa nasi mkekani, na Mzee Petro akamwita shemeji kama zamani. Hatukuzungumza jambo lile. Walizungumza habari za tumbaku na bei ya chumvi. Katikati ya chakula mzee alinyoosha mkono kuchukua maji, na kwa kuwa kikombe kilikuwa kulia kwake hakukiona, akakipiga kikamwagikia wali wake na nguo yake. Akabaki ametulia, mkono umelowa, anatabasamu kwa aibu, mzee wa watu, anaomba msamaha kwa kuchafua mkeka wetu. Nilinyanyuka kutoka nilipokuwa, nikaenda kukaa kulia kwake, nikampangusa mkono, nikamsogezea kikombe kingine mpaka kikagusa vidole vyake. Aliishi miaka ishirini na zaidi baada ya hapo, na kila alipokuja kwetu, iwe ni kazi, harusi au msiba, upande ule ulikuwa ni wangu kukaa, na hakuna aliyewahi kuniambia nisogee.